Si Mapunye

Neema, mjukuu wangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: mwaka jana sikuugua mapunye. Nywele nilizichoma mwenyewe.

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Bigwa. Nimekuzidi miaka mitano tu, ila mama yako ananiita mama mdogo, basi mimi ni bibi, tutafanyaje! Mama yangu hajambo, amechoka na bustani ya mchicha. Mimi nimechoka tu.

Umeuliza kama ukipaka dawa ya kulainisha nywele hutalia tena ukichanwa. Nami nilichoka kulia. Kila Jumapili mama alinikalisha kati ya magoti yake, akazilowesha, akapaka mafuta ya nazi, akachambua kipilipili changu fungu kwa fungu. "Tulia, wewe! Kichwa hiki nilikizaa mimi." Siku alipokwenda sokoni nikajipaka dawa. Kichwa kikaanza kuwaka, nikafungua bomba, kumbe maji yamekatika. Nikakimbia mpaka mtoni.

Nywele zikang'oka. Nikamsingizia dada Mwajuma, msusi jirani yetu, kwamba chanuo lake limeniambukiza mapunye. Mama hamsalimii mpaka leo.

Sasa zimeota, kipilipili kilekile. Mama hunichana polepole kuliko zamani, anaogopa kuniumiza. Hapo ndipo ninapochoka zaidi.

Wewe ziloweshe nywele kwanza, uchane kuanzia nchani. Utalia kidogo tu.

Nasikia kandambili za mama zinakuja mlangoni. Barua nilikuwa nimeifunika kwa daftari la Kiingereza. Nimeliondoa.

Bibi yako,
Tekla