Lipiko Halina Bilhete

Jumatatu, 3 Juni 2013. Palma.
Fomu tena. Ofisi ya utamaduni ni mimi na chefe, mkuu wangu, tu, kwa hiyo zote zinaniangukia mimi. Gesi imepatikana, sasa kila kitu kinapimwa. Mkoa unataka kujua sanaa inaiingizia nini Serikali. Kikundi kisicho na wafanyakazi hakiandikwi, na uwanja wake utahesabiwa kiwanja kitupu, wapewe watu wa gesi. Keshokutwa Mute, kwetu, kwa wacheza mapiko, ngoma ya vinyago yetu Wamakonde.

Jumatano, 5 Juni. Mute.
Wapiga ngoma wanne, majina kamili. Nikamuuliza mkuu wa kikundi: anayevaa kinyago na kucheza ni nani? Akanitazama kana kwamba nimevua nguo sokoni.
"Ndani hamna mtu, binti. Lile ni lipiko. Limetoka porini."
Mwanamke haulizi zaidi ya hapo. Upumbavu gani ule! Na jibu ninalo. Tangu utotoni nakijua kile kidole gumba cha mguu kilichopinda. Cha baba. Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nimeandika: wachezaji, sifuri.

Alhamisi, 6 Juni.
Chefe kairudisha fomu. Hakuna mchezaji, hakuna kazi. Anataka jina na namba ya bilhete. Namba ya kitambulisho cha baba nimeikariri. Nikiiandika, siri imetoka, baba hatavaa kinyago tena. Nisipoiandika, uwanja umekwenda. Nina hasira, sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 9 Juni. Mute.
Wamecheza mchana. Nilikwenda na daftari, nione nani anakula kwa lipiko. Fundi cherehani aliyelishonea nguo. Muuza vitambaa. Mama wa mandazi, beseni mbili zimekwisha, na ushuru wa soko kalipa. Wenye pikipiki. Sikujua ni wengi hivi! Halafu, kama ilivyo ada, lipiko likanifukuza pamoja na wanawake wenzangu. Nikapiga kelele za kweli.

Jumatatu, 10 Juni.
Nimewaandika wote. Juu kabisa: Lipiko, moja. Kazi: ya kudumu. Bilhete: halina.
Chefe naye ni Mmakonde. Kasoma, kakohoa, kagonga muhuri.

Jumamosi, 15 Juni. Mute.
Wapimaji wamepita, uwanja wameuacha.
Baba kaketi uani, mguu umevimba. Kauliza kama lipiko limeandikwa. Nikasema limeandikwa, kazi ya kudumu.
"Ungeandika pia kwamba limezeeka."
Nimemchemshia maji ya chumvi. Sikumwuliza mguu umefanya nini.