Mtoto wa Moshi Kwenye Theluji

Wifi yangu wa Anderlecht,

Mvua ya Brussels inawatesa bado? Huku milimani ni theluji tupu, na kaka yako kalala ndani yake. Alijitapa kwa mwalimu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kwamba yeye ni mtoto wa Moshi, theluji ameizoea tangu utotoni. Kuizoea kwa kuitazama kutoka uani kwa mama! Alipoanguka mara ya tatu akiwa bado kwenye foleni, alihamishiwa darasa la watoto wa miaka minne. Mmoja alimshika mkono: "Usiogope, bwana."

Wabusu wanangu niliokuachia. Tukirudi Jumapili atakuletea picha za kujisifia. Zitazame vizuri: katika zote amesimama tu, na mkono ulioshika kola yake kwa nyuma ni wangu.

Akupendaye,
Mama Neema