Kitanda cha Garini

Ibra, Jumanne usiku

Na leo pia sikulala garini.

Tumestaafu, tumenunua gari lenye kitanda na jiko, tukasema tutaifuata ile njia ya zamani ya misafara ya ngamia, kutoka Sur mpaka Nizwa, taratibu, kama Wazungu. Tangu tutoke Sur hatujalala humo hata usiku mmoja. Kila mji mume wangu Seif ana jamaa, na jamaa akisikia umelala njiani katika mji wake, basi umemvunjia heshima. Naogopa gari litazeeka kabla sijalijua godoro lake.

Leo nikamwambia, "Hapa Ibra tusimwambie mtu." Tukajificha kwenye mitende, taa tukazima. Nishavaa nguo za kulalia, mara mlango unagongwa. Wifi yangu Rahma, binamu yake Seif, na birika la kahawa na sinia la wali! Kumbe bwana huyu alipokwenda kununua mkate, muuza duka alimuuliza ni mtoto wa nani, naye akajitaja mpaka babu wa babu yake.

"Mnalala garini kama hamna watu?" wifi akafoka. "Hasha! Twendeni nyumbani."

Nikamwomba angalau akione kitanda. Akakikalia. "Eh, laini hiki." Akajinyoosha kidogo, ajaribu tu...

Sasa mie nimo chumbani kwake, Seif anakoroma, na wifi kalala garini mwangu. Kabla ya kujifungia kachungulia dirishani, kaniuliza kwenda Nizwa tunaondoka saa ngapi.