Kisutu Chako Kisitoke

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Natumai sasa unasimama kusali bila kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo hautulii, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unamjua Madam Hansa, yule Mhindi ninayemshonea nguo za harusi huku ughaibuni. Biashara imedorora. Wateja wanataka cha asili, lakini kiwe chepesi, cha kisasa. Juzi akaja na sari aliyoolewa nayo mamake, nyekundu, yenye madoa meupe yaliyofungwa kwa uzi, doa moja moja, kabla ya kutiwa rangi. Akaitandaza mezani.

"Kata, Riziki. Tutoe abaya."

"Madam, hii si ya marehemu mama?"

"Nguo ikifungiwa sandukuni imekufa. Mimi naipa uhai. Yalla, kata!"

Akageukia ukuta. Nikapiga bismillahi nikakata. Nisikufiche, Mama, abaya ilitoka nzuri hata mimi niliitamani. Ilinunuliwa kabla haijapigwa pasi. Madam akacheka na mteja, kisha akaingia chooni, akatoka macho mekundu, bado analia.

Ulimi hauna mfupa. Kwa kumliwaza nikamwambia kwetu pia bibi harusi huvishwa leso ya kisutu, na wewe kisutu chako bado umekitunza sandukuni. Machozi yakakauka papo hapo. "Kilete! Tutakifanya koti." Tangu hapo, kila asubuhi ananiuliza kisutu kabla ya kuniamkia. Kaka naye, nilipomgusia kwa simu, kwa haraka zake ameshamwahidi jirani anayekuja huku kwamba atampa akilete. Viza yangu iko mkononi mwa Madam na inakaribia kwisha. Naogopa, Mama.

Lakini usikitoe. Hata kaka akikuomba kwa jina langu, usimpe. Madam nitamwambia hakimo sandukuni, kinavaliwa. Hapo atanipinga kwa lipi, na maneno ni yake mwenyewe?

Nisalimie kaka, asininunie. Msalimie shangazi wa mahamri, na wifi yangu, Mungu amjalie ajifungue salama.

Jambo moja tu nakuomba. Madam alilia mbele yangu, sitaki kumdanganya. Kivae, Mama. Kivae leo, hata kama ni jikoni.

Bintiyo,
Riziki