Mvua Iliyonyesha Kwenye Mashine Tu

Jumamosi, 15 Novemba. Ishiara.

Asubuhi: mawingu mepesi upande wa mlima, yakatawanyika kabla ya saa tatu. Umande hakuna. Upepo kidogo. Joto la alfajiri, nyuzi ishirini na mbili. Mvua: hapa ndipo penye shida, na ndiyo sababu leo nitaandika mengi.

Nimekasirika. Naliandika hili mwanzoni ili nisije nikajifanya baadaye kwamba nilikuwa mtulivu.

Jana jioni nilirudi kutoka Embu, ambako nilikuwa tangu Jumatatu nikimwangalia mama yangu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho. Nilifika nimechoka, nikalala bila kuangalia chochote. Leo nilipoamka nilienda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni, mahali inapokaa skrini ya kituo chetu cha hali ya hewa, nikabonyeza kitufe cha mvua. Ikaniambia kwamba nikiwa Embu, hapa kwetu imenyesha milimita arobaini na moja.

Nilipiga kelele ya furaha. Nilitoka na kandambili, leso sijaifunga vizuri, nikakimbia hadi kwenye ndengu nyuma ya nyumba.

Vumbi.

Ndengu zimekunja majani. Nilichimba kwa kidole, nikachimba kwa kijiti, mwishowe nikachukua jembe. Kote ni kukavu, udongo unamiminika kama unga. Nikarudi uani, alipokuwa mama mkwe akipepeta mtama.

"Mama, mvua ilinyesha nikiwa Embu?"

Hakusimamisha ungo. "Mvua ya wapi, Mama Mugendi? Hapa mtu akitema mate yanakauka kabla hayajafika chini."

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza, nieleze kwa nini jambo hili limenitoa machozi. Kikundi chetu cha wanawake kina bima ya mbegu. Tukipanda na mvua ikatukimbia, kampuni inatupa mbegu za kupanda tena. Msimu uliopita ndengu zilikauka mbele ya macho yetu, lakini tulipoomba mbegu tuliambiwa setilaiti imeonyesha kwamba eneo letu lilipata mvua ya kutosha. Eneo letu! Hapa inaweza kunyesha sokoni na mtu wa ng'ambo ya kijito asipate hata tone. Ndipo tukaamua kujipimia wenyewe. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na kwa sababu, kwa maneno ya Mama Purity, mwenyekiti wetu, "huyu hawezi hata kupika chai bila kuandika."

Kijana wa bima anakuja Jumatatu. Hakuahidi kitu, alisema tu ataangalia vipimo vyetu. Akivikubali, mbegu zinaweza kufika tukiwa bado na mvua kidogo mbele yetu. Akivikataa, tunangoja hadi Machi, na wengi wetu tulishapanda mbegu ya mwisho iliyokuwa ndani ya nyumba.

Sasa mashine niliyoisimamisha itutetee ndiyo inayosema mvua ilinyesha.

Na si kwamba ilisimama kwa urahisi. Njeru, mume wangu, ambaye anafanya kazi Meru mjini, aliituma mwezi uliopita ndani ya boksi, pamoja na kijitabu cha maagizo chenye herufi ndogo za kuumiza macho. Kwanza nilitundika kipimajoto chini ya ukingo wa paa. Saa sita mchana kikasoma nyuzi arobaini na nne, mama mkwe akaniuliza kama tunapikwa. Kumbe kilikuwa kinapima joto la mabati. Halafu skrini ikakataa kupokea chochote nikiwa sebuleni, kwa sababu kuta zetu nazo ni za mabati na mawimbi hayapiti. Inapokea ikiwa kwenye dirisha la jikoni tu, kwa hivyo sayansi yangu yote inanuka moshi. Betri za sokoni zikafa baada ya siku mbili.

Kisha mshale wa upepo. Kijitabu kilisema uelekezwe kaskazini. Nikauelekeza mlimani, maana hapa ukimwuliza mtu yeyote kaskazini ni wapi, atakuonyesha mlima. Nilikuja kushangaa upepo unatoka pande zisizoeleweka, nikafungua atlasi ya shule ya mwanangu Mugendi, nikaona kwamba ukiwa Ishiara mlima uko kaskazini magharibi. Maisha yangu yote! Nikapanda tena kwenye stuli.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba leo asubuhi sikuwa na subira iliyobaki.

Nilikishusha kipima mvua kutoka kwenye nguzo yake ya chuma uani, nikakifungua. Ndani yake kuna kijiko chenye pande mbili, kinacheza kama bembea ya watoto. Maji yakijaza upande mmoja kinapinduka, na kila kikipinduka mashine inahesabu mvua. Nilitafuta buibui, nyigu, jani, sababu yoyote. Hakuna. Nilimimina maji polepole kwa kikombe cha dawa ya kikohozi ya Mugendi, kikahesabu sawasawa, nami nikayaandika pembeni yasichanganywe na mvua. Nikabadilisha betri. Nikampigia Njeru.

"Umesoma kijitabu?" akauliza.

Nikakata simu. Hicho kijitabu nimekisoma mara nyingi kuliko yeye alivyowahi kusoma barua zangu.

Kufika mchana nilikuwa nimekirudisha juu ya nguzo, na nimeamua kwamba mashine imerukwa na akili. Nikakaa mlangoni mwa jikoni na sahani ya githeri iliyopoa. Jua kali, anga la bluu tupu. Nilipogeuka kuchukua chumvi dirishani nikaona nambari ya mvua ikipanda. Ikapanda tena. Wakati huo huo nikasikia sauti uani, chuma kinagongwagongwa.

Nikachungulia nje.

Beberu.

Yule beberu mkubwa mweupe tunayemnenepesha kwa ajili ya mahari ya shemeji yangu, amefungwa kwa kamba kwenye nguzo yangu. Alikuwa anajikuna shingo, macho ameyafumba nusu kwa raha. Akijikuna, nguzo inatetemeka, kule juu kile kijiko kinapinduka, na mvua inanyesha. Akipumzika, ukame. Akirudi kujikuna, mvua.

"Mama! Nani amemfunga huyu hapa?"

"Mimi. Tangu Jumatatu, kila akirudi kutoka malishoni. Aling'oa kigingi chake akamaliza miche ya sukuma. Na hiyo yako umeipigia simiti, haing'oki."

"Mama, hiyo nguzo ni ya kupimia mvua!"

"Kwani kuna mvua?" Alisema bila ubaya wowote, akipuliza makapi. "Nimeikuta imesimama bure, nikaipa kazi."

Ukweli ni kwamba katika boma letu kitu chochote kilichosimama imara lazima kitafungiwa kitu. Nguzo ya choo ina kamba ya nguo. Mpapai una ng'ombe. Nami nilichimba shimo, nikachanganya simiti, nikaacha chuma kizuri katikati ya uwanja, kisha nikamweleza kila mtu jinsi mashine inavyofanya kazi. Nilieleza kikundi. Nilimweleza kijana wa bima kwa simu. Nilimweleza hata Mugendi, aliye darasa la tatu.

Mtu anayeshinda hapa kutwa nzima sikumweleza neno.

Mama Purity alikuja alasiri. Nilipomsimulia alicheka hadi akakalia mtungi wa maji. Kisha akafuta macho.

"Na huyo kijana Jumatatu ataiona hiyo arobaini?"

"Ataiona. Iko kwenye kumbukumbu."

"Basi si uifute?"

Nikamweleza kwamba mashine haijui kufuta siku moja moja. Ukishikilia kitufe kinafuta kila kitu, pamoja na zile siku zote kabla ya Jumatatu zinazosema sufuri, sufuri, sufuri. Hizo ndizo silaha yetu.

"Futa yote. Tutasema betri zilikufa. Betri za hapa si hufa? Hata yeye anajua."

Niliweka kidole gumba kwenye kitufe. Sitajificha hapa, nilikiweka na nikakiacha hapo. Mama Purity alikuwa ananitazama, na nilikuwa nafikiria shamba lake, ambalo ni kavu kuliko langu, na mjukuu anayemlea. Ingekuwa uongo mdogo wa kuondoa uongo mkubwa zaidi. Nani angepata hasara?

Kisha nikakitoa. Si kwa sababu mimi ni mwema. Nilikasirika tu upya. Msimu uliopita mtu aliye mbali alitupa nambari ambayo haikufanana na udongo wetu, tukalia. Nikianza nami kuchagua nambari zipi zionekane na zipi zisionekane, hii mashine ni ya nini? Bora nguzo ibaki ya mbuzi.

"Haya, mwalimu," akasema Mama Purity, na hakuwa anatania. "Jumatatu utamwambia nini? Kwamba mvua imeletwa na beberu?"



Mama mkwe ndiye aliyejibu, ungo bado mapajani. "Si mumwonyeshe? Mleteeni stuli akae hapo aangalie. Mimi nimemwona huyo mbuzi siku zote hizi, hachoki kujikuna."

Nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha. Ndiyo! Kijana akae jikoni, aone anga ni jeupe, amwone beberu akijikuna, aone nambari ikipanda. Hata setilaiti haina jibu kwa hilo. Tukaamua kufanya majaribio papo hapo.

Beberu akasimama.

Alisimama tuli kama mzee wa kanisa anayesubiri kupigwa picha. Tukangoja. Mama Purity akampapasa shingo, akamgusa mgongo na kijiti, akambembeleza kwa Kimbeere na kwa Kiswahili. Beberu akatafuna pindo la leso yake. Mama mkwe akaleta maganda ya ndizi, beberu akayala, akatutazama, hakuguswa na chochote. Wiki nzima ameninyeshea mvua, na sasa anajifanya hajawahi kuwashwa tangu azaliwe! Tulikaa hapo mpaka kuku wakaingia kulala.

"Huyo kijana anakuja na pikipiki," nikasema. "Atakunywa chai, aende vijiji vingine. Hatangoja mbuzi awashwe."

Mama Purity akajifunga leso yake iliyotafunwa. "Basi leo katika sala zako usimsahau beberu. Omba awashwe." Akaondoka akicheka, lakini nilimwona njiani akisimama kwenye uzio wa shamba langu, akiangalia ndengu, na hapo hakuwa anacheka.

Baada ya chakula nimeyafikiria yote tena, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Tuseme beberu akubali. Kijana anaweza bado kusema: vizuri, mashine yenu inadanganyika, basi turudi kwa setilaiti. Atakuwa na haki ya kusema hivyo. Sijui nitamjibu nini. Najua tu kwamba sitaanza na mashine. Nitaanza na jembe. Nitampeleka shambani kabla ya chai, achimbe mwenyewe, ashike udongo kwa mkono wake. Kisha nimwonyeshe siku zote za sufuri. Kisha arobaini na moja. Halafu mama mkwe amweleze, kwa maneno yake, aliyemfunga beberu na kwa nini. Yeye ndiye aliyekuwepo. Mimi sikuwepo.

Na nguzo nitaizungushia miiba, lakini baada ya Jumatatu. Kwa sasa mgeni wetu mwenye pembe abaki pale pale.

Nimemwomba mama mkwe msamaha kwa kupaza sauti. Akasema, "Ulipaza? Nilidhani unamwita Mugendi." Kisha akaniuliza kwa mara ya kwanza kile kijiko kinafanyaje kazi. Nikamwonyesha kwa kijiko cha chai na maji. Akakipindua mara kadhaa, akasema ni kitu kidogo sana kuaminiwa na watu wengi hivi.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeweka nukta ya mwisho, nimenyoosha mkono kuzima taa ya jikoni. Nikatupa jicho kwenye skrini kwa mazoea tu. Nambari ilikuwa imepita ile ya jioni. Nikaendelea kutazama. Ikapanda.

Nimetoka na tochi. Nyota zimejaa, hakuna wingu hata la kuombea. Beberu anajikuna shingo, macho ameyafumba nusu, na nguzo inalia taratibu. Nimesimama pale na gauni la kulalia nikicheka peke yangu, nikimwambia kwa sauti ya chini aendelee, aendelee, asimalize hamu yote leo.

Anga: safi. Upepo: hakuna. Mvua: sufuri shambani, na kwenye nguzo bado inaendelea kunyesha.

Nimepanda kitandani saa tano na dakika kumi usiku.