Mtoto wa Nyumba Yenye Friji

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mjukuu wangu, huyu mume wangu mdogo uliyeniachia, bado anaharisha, ila kunichekesha hajaacha.

Jana walikuja wapimaji wa mradi wenu wa lishe ya watoto. Walimsimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu: sentimita themanini na moja, na miaka mitatu ameshatimiza. Wakamzungushia utepe mkononi, ukaishia kwenye rangi nyekundu, ile ya utapiamlo mkali. Kisha wakauliza vitu vya nyumba. Paa? Bati. Sakafu? Saruji. Televisheni? Ninayo. Friji? Nikajibu lipo, tena la milango miwili! Sikutaka waone binti yangu amenitupa. Hawakuuliza kama linafanya kazi, nami sikusema natunzia nguo.

Je, ni kweli mradi utatoa maziwa ya lishe?

Ni mimi mama yako


17 Machi

Mama, shikamoo.

Pole na magoti. Mimi mwili mzima, moyo ndio hapana.

Lile friji nililokuletea limetuponza. Kompyuta inapanga nyumba makundi matano, kuanzia maskini hadi tajiri, kwa vitu vilivyomo. Wewe uko kundi la tano, pamoja na wenye magari. Maziwa ni ya kundi la kwanza tu.

Kuna baya zaidi. Unajua kazi yangu ni kupitia takwimu na kuondoa makosa. Leo mkuu wangu amesimama nyuma ya kiti changu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwanangu. "Mtoto wa nyumba yenye friji awe mfupi hivi? Mpimaji alisinzia. Futa." Nikisema ni wangu, nimekwisha: nilitia saini kwamba sina ndugu katika utafiti huu, na mkataba huu ndio unaotulisha sote. Nikamwambia mashine imekwama. Kesho atauliza tena. Mama, nimebanwa, sijui pa kutokea.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na barua nimeisoma nimesimama. Mimi na mdomo wangu! Lakini nisikilize: huyo mtoto asifutwe. Nilimshika mabega mwenyewe, akilia, miguu ikimtetemeka juu ya ule ubao. Aliyepimwa amepimwa. Niandikie kwamba yupo, nipate usingizi.

Mama yako


2 Aprili

Shikamoo mama,

Yupo. Nimemwacha palepale. Lala.

Mkuu ameniongezea mkataba miezi sita. Nibusie mwanangu.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua zangu mbili hukuzijibu, nikasema kazi imekuzidi. Sisi tupo, tunajikongoja.

Muuguzi wa kituo cha afya ametangaza kwamba vitu vya nyumbani haviangaliwi tena. Kila mtoto aliyekutwa na nyekundu anapata maziwa, ilimradi awe kwenye orodha yenu. Asiyemo angoje upimaji wa mwakani. Nilifurahi hadi nikapiga kigelegele peke yangu jikoni! Nikambeba mume wangu mgongoni kwa magoti hayahaya, maana siku hizi hata kutembea hataki.

Muuguzi akatafuta juu hadi chini. Hayumo. Watoto wa jirani, waliopimwa siku ileile, wamo wote wawili. Nikamwambia arudie, akarudia mara tatu, na watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Ndipo nikatoa barua yako, nikamwonyesha ulipoandika yupo. Nikamweleza kwamba anayeishughulikia orodha hiyo ni mama mzazi wa mtoto huyu, tena kwa mkono wake.

Akaisoma polepole, akanitazama, akaniomba jina lako kamili. Nikampa. Amesema kesho atampigia simu mkuu wako, wajue kosa ni la nani.

Nimemwambia liwe la yeyote, kosa hilo si lako.

Mama yako