Mama Nafula, Treni Inataka Kupita Jikoni Kwako

Mpendwa Mama Nafula,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, karatasi juu ya goti, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usianze kunicheka. Hata nikiwa mezani ulikuwa unapinda. Wewe mwenyewe ulisema mstari ulionyooka mimi huuweka kwenye suruali za watu tu.

Nina habari ya jiko lako la Kanduyi. Si habari nyepesi, na unanijua: siwezi kufika mahali bila kuzunguka kwanza. Nivumilie.

Unakumbuka siku za kadi za salamu? Mimi Matisi na cherehani yangu, wewe Kanduyi na hoteli yako ya mabati, na katikati yetu hakuna simu, kuna redio tu. Jumamosi alasiri watu walijaa kibandani kwangu bila hata kifungo cha kushonwa, wamekuja kusikia utaniambia nini. Mtangazaji anasoma: "Kadi hii inatoka kwa Mama Chapati Moto wa Kanduyi. Anamsalimu mumewe, Fundi Sindano Kavu wa Matisi, Kitale. Anauliza kama barabara ya Kitale imefungwa, maana sare ya Nafula haijafika na shule inafunguliwa." Kinyozi wa jirani alishikilia mlango kwa kicheko. "Fundi, unavalisha Kitale yote na mtoto wako anaenda shule na gunia? Aibu, bana!" Sare ilifika Kanduyi kesho yake. Ungeniambia kwa siri ingechukua wiki, na wewe ulilijua hilo.

Tena ulinifundisha adabu ya hewani. "Usiingie redioni kama mwizi," ulisema. "Salimia watu kwanza, majina yao uyataje vizuri, ndio useme shida yako." Nikaishika hiyo kama katekisimu.

Sasa sikia. Kuna watu wanataka kuleta treni ndogo ya umeme, itoke Kibabii, ipite Kanduyi, iingie Bungoma mjini. Reli yenyewe inalazwa barabarani, magari yanapita kando yake. Wanasema ni pendekezo tu. Lakini vijana wa kupima ardhi walipita wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa hoteli yako, pale juu ya dirisha la kutolea chai. Nafula, ambaye amelishika jiko hilo tangu ututoke, alinipigia simu akaniambia kwa maneno mawili: "Baba, wametuchora." Nikamwambia asiogope, nitapigana.

Redio ya hapa ikafungua mjadala kila asubuhi, na tangu hapo huku hakuna anayefanya kazi. Ungefurahi wewe! Mtu wa bodaboda alipiga akauliza, "Hiyo treni ikishabeba watu, sisi tubebe nani? Tubebe treni?" Mama mmoja wa Kibabii akamjibu, "Wewe nyamaza, mvua ikinyesha unanidai mara mbili na unanimwaga kwa matope." Mzee wa huku Kitale akapiga kwa hasira: sisi tuna reli ya zamani imeota nyasi, mbuzi wanalala juu yake, na Bungoma ndio wanaletewa mpya? Mtangazaji akamwuliza, "Kwa hivyo mzee, unaunga ama unapinga?" Akasema, "Napinga mpaka ianzie kwangu."

Nilikuwa nacheka na nguo za watu zinaungua chini ya pasi. Lakini kicheko kilikuwa cha juu juu. Ndani nilikuwa naiona ile X. Nilisema moyoni, hili jiko ndilo lililomlea mtoto wetu, ndilo anakula nalo leo, ndilo limebaki na harufu yako. Wakilivunja, watakuwa wamekuzika mara ya pili, na Nafula atabaki bila kitu. Nikaanza kupiga. Siku ya kwanza laini imejaa, ya pili imejaa. Siku ya tatu nikasikia, "Karibu, uko hewani, una dakika moja."

Mama Nafula, nilifanya ulivyonifundisha. Nilimsalimu mtangazaji, nikamsalimu fundi mitambo wake. Nikasalimu Kanduyi, mama wa mboga na mwenye duka la mbolea. Nikarudi Matisi nikamsalimu kinyozi, ambaye alikuwa amesimama mbele yangu hapo hapo, akinionyesha kwa mikono, "Ongea! Ongea!" Nikadhani anaomba nimtaje tena, nikamtaja tena. Mtangazaji akasema, "Fundi, dakika imekwisha, haya, unaunga ama unapinga?" Nikapata nafasi ya sentensi moja tu: "Napinga, msivunje, hilo jiko ndilo maisha ya mtoto wangu Nafula." Wakanikata.

Kinyozi akashika kiuno. "Fundi, hata msiba hausalimiwi hivyo." Mtangazaji akasema, "Tuna mwingine, kutoka Kanduyi. Nani mwenzangu?"

"Ni Nafula," ikasema redio. "Huyo aliyetoka kuongea ni babangu."

Hakusalimu mtu. Aliingia moja kwa moja, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo. Alisema, "Mimi sijui kama treni ni nzuri ama ni mbaya, hiyo wasomi watasema. Lakini baba asipinge kwa sababu yangu. Hilo jiko ni la mama. Mimi naliwasha kila siku kwa sababu naona vile baba anafurahi akilikuta linawaka. Sijawahi kumwambia ukweli. Nimechoka na moshi." Halafu akakohoa.

Hakukohoa sana. Kikavu, kifupi, mara mbili, halafu pumzi ya kuvutwa polepole kama mtu anayeinua debe. Mama Nafula, kikohozi hicho nililala kando yake miaka. Ndicho kilichokutoa kwetu. Ningekitambua katikati ya soko la Kitale siku ya soko. Na kwenye simu hajawahi kukohoa hata mara moja, sasa nimejua kwa nini mazungumzo yetu yalikuwa mafupi hivyo.

Mtangazaji alicheka kidogo, maskini, hakujua. Akasema, "Aa, leo baba na binti wamekutana hewani!" Akaweka muziki.

Nilifunga kibanda, nikamwachia kinyozi pasi ikiwa moto, nikaenda Kanduyi. Nilimkuta ameinama mbele ya meko, macho mekundu, anapuliza kuni mbichi, wateja wawili wanangoja chai. Akaniona akaanza kujitetea. "Baba, usikasirike, sikutaka kukuaibisha kwa watu."

"Umeanza lini?"

"Si kitu, ni baridi."

"Mamako pia alisema ni baridi."

Nikachukua maji ya kuoshea vikombe nikayamwaga kwenye moto. Uliwahi kusikia jiko lako likilia hivyo? Jivu liliturukia sote. Mteja mmoja akasema, "Mzee, si ungengoja chai yetu ichemke?" Nikamwambia aniwie radhi, hapa hakuna kinachochemka tena. Tuliyatoa mafiga yako matatu moja moja, yakiwa bado na joto, tukayaweka nyuma ya nyumba. Nafula alilia. Mimi nilikuwa na jivu machoni, hiyo ndiyo sababu yangu.

Ndiyo habari yenyewe. Jiko lako halikuvunjwa na treni. Nimelizima mimi. Redioni bado wanabishana: leo asubuhi mzee wa Kitale ameanza kukubali, mtu wa bodaboda bado anakataa, ile X iko palepale ukutani. Ije isije, sina tena la kupigania pale. Kama umekasirika, nakuelewa. Ulilijenga kwa mikono yako, ukalipaka udongo kila Krismasi. Lakini naona kama ungekuwepo, ungemwaga maji hayo kabla yangu, tena bila kuniuliza.

Sina amani, sitakudanganya. Naogopa nimechelewa. Tuko hospitalini tangu asubuhi. Wamempiga picha ya kifua, tunangoja daktari aisome. Nafula ameketi kando yangu, ananichungulia naandika nini, nami nafunika kwa kiganja. Nakumbuka siku yako ulikataa niingie ndani nawe. Ulisema, "Kaa hapo nje, sura yako itamtisha daktari." Ukaenda peke yako, ukatoka ukitabasamu, na hukuwahi kuniambia walichokuambia.

Wameita jina lake. Amesimama, amenyoosha sketi, amenishika mkono wa shati kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. "Baba, twende sote," amesema.

Naingia, Mama Nafula.

Mumeo,
Baba Nafula